Fundi Aliyeziba Dirisha kwa Ndani

Mafundi wa Mbeya walikuwa wakiziba vioo vya madirisha wakiwa nje, mlima mgongoni, pua ikichuruzika. Fundi Othmani Jaha peke yake ndiye aliyeziba akiwa ndani, ameketi kitini, kikombe cha chai kando. Watu walisema huo ni uvivu. Yeye alisema ni ufundi. Bi Rukia, aliyekuwa akimjazia kikombe, aliwaacha wabishane. Alijaza tu, na kikombe kikijaa alisubiri kipungue.

Othmani alikuwa mtu wa Iringa, wa Miyomboni, mjukuu wa mpagazi wa Mrima aliyepanda na msafara hadi Uhehe, akaonja viazi vya huko, akasahau njia ya kurudi pwani. Babu huyo alimwachia Kiswahili kilichonyooka na damu isiyopatana na baridi. Othmani alipokuwa akijifunza useremala katika karakana moja mjini Iringa, yeye ndiye aliyepandishwa ngazi ya nje kila palipokuwa na kioo cha kuziba, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ngazi ilikuwa mbovu. Huko juu, upepo wa Julai ukimwingia shatini kama mgeni asiyebisha hodi, vidole vikifa ganzi hata asijue kama anashika puti ya kuzibia au puti inamshika yeye, aliapa kwamba siku akijitegemea atatengeneza dirisha ambalo mtu ataliziba bila kutoka nje.

Kiapo hicho alikisahau kwa miaka mingi. Kilimrudia Mbeya, mwaka wa hamsini na sita, ndani ya kikombe cha chai.

Alikuwa amekuja kupaua nyumba ya mtu kule Iyunga. Kazi ikaisha, akafunga kisanduku chake cha vyombo, akaingia katika hoteli ya Bi Rukia karibu na kituo cha malori ili apate cha moto kabla ya safari. Hoteli ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza za mbao, na dirisha moja kubwa lililoutazama mlima Loleza. Upepo wa kipupwe ulishuka mlimani, ukavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, ukaingia dirishani. Ulipeperusha sukari, ukatia vumbi supuni, ukafunua vitambaa vya meza kama unatafuta kitu ulichokisahau jana. Othmani alipoinua kikombe chake, kipande cheupe kilibanduka dirishani kikatumbukia, chubwi. Akakoroga.

“Fundi,” Bi Rukia akamwambia toka nyuma ya birika, “hiyo si sukari.”

“Najua, Bi. Ni puti. Ile ya Iringa nimeila ujana wangu wote. Nataka nijue kama ya Mbeya ina ladha nyingine.”

Bi Rukia akacheka. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache na maandazi makubwa, na wateja wake hawakuwa wamezoea kumsikia akicheka. Wengine waligeuka kutazama kama ni yeye kweli. Nje, lori la Iringa lilipiga honi, likapiga tena, likaondoka. Othmani alikuwa bado anakoroga.

Dirisha lile lilikuwa na ugonjwa alioujua. Puti ni mchanganyiko wa chokaa laini na mafuta, unaokandwa kama unga ukapakwa kuzunguka kioo. Masika mbao hunywa maji zikavimba. Kipupwe kikija, hukauka zikanywea. Lakini puti iliyokwisha kuwa ngumu haijui kunywea. Hupasuka, hubanduka, na palipobanduka upepo hupata mlango. Fundi huitwa, hupanda ngazi, hupaka mpya juu ya kuukuu, na mwaka unaofuata mchezo ni uleule.

Fremu aliyoibuni Othmani, akiichora kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mkate wa Bi Rukia, iligeuza mambo. Kidato cha kukalia kioo alikichonga upande wa ndani badala ya nje, kipana kuliko kawaida, na ukingo wa nje akaufanya uteremke kidogo ili maji ya mvua yasipate pa kukaa. Unalaza puti laini kidatoni. Unakandamiza kioo juu yake mpaka puti itokeze pembeni kama siagi ndani ya mkate. Kisha unaweka ufito wa mbao uliochongwa mfano wa kabari, unaukaza kwa skrubu. Puti haionani na jua, kwa hiyo haiwi ngumu upesi. Na mbao zikinywea, unachukua bisibisi, unakaza kidogo, ufito unasukuma kioo, kioo kinabana puti, na upepo unabaki nje ukijiuliza umekosa nini.

“Na yote hayo,” alimweleza Bi Rukia, “mtu anayafanya akiwa ndani.”

“Amesimama?”

“Anaweza kukaa.”

“Karibu na birika?”

“Birika likiwa karibu, kazi hutoka safi zaidi.”

Crispin, mpaka rangi wa Kihehe aliyekuwa akinywa uji wake meza ya jirani kila asubuhi, alisema baadaye kwamba amewahi kuona posa ikipelekwa kwa jembe, kwa ng’ombe, hata kwa barua, lakini kwa bisibisi ilikuwa mara ya kwanza.

Posa yenyewe haikumsumbua Bi Rukia. Ilikuwa na kikwazo kimoja tu, nacho kilikuwa na tumbo. Kaka yake, Matano, alikuwa mchuuzi wa nguo. Alipeleka mashati na khanga kwa wachimba dhahabu wa Makongolosi, na kila aliporudi alikula hotelini kwa dada yake asubuhi, mchana na jioni. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Matano ndiye walii: asipotamka ridhaa yake mbele ya mashahidi, hakuna shehe wa kumwozesha Rukia. Na Matano alijua vizuri kwamba siku mume atakapoingia nyumba ile, mkono wa kaka mtu utaanza kuulizwa unatafuta nini sufuriani.

Kwa hiyo hakukataa. Aliahirisha. Ngoja mvua zikatike. Ngoja watu wavune. Ngoja nirudi kutoka Makongolosi. Wachumba wawili kabla ya Othmani walikwisha kuchoka na ngoja hizo wakaenda kuoa kwingine, na Bi Rukia aliwapikia wote wawili pilau ya harusi zao.

“Shemeji,” Othmani alimwambia Matano siku moja, “hujambo?”

“Usiniite shemeji.”

“Basi, bwana unayekaribia ushemeji. Hujambo?”

Siku ya kukanda puti ilipofika, Othmani alimimina chokaa na mafuta katika sinia jikoni, akaanza. Bi Rukia alimtazama kidogo, akamsukuma kando kwa kiwiko.

“Unaikanda kama unaigombeza. Toka.”

Akakunja mikono ya gauni, akaikanda kwa visigino vya viganja, akaikunja, akaikanda tena, mpaka ikawa laini hata ukiikunja haionyeshi ufa. Othmani hakuwahi kuona puti ya namna ile. Wakaifanya matonge ili isikauke, wakayapanga siniani, wakayafunika kwa kitambaa cheupe. Kisha wakatoka kwenda kupima fremu ukutani.

Matano alikuwa na desturi ya kuonja kabla ya kusalimu. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akafunua kitambaa, akachagua tonge kubwa kuliko yote, akalitia mdomoni, akaja nalo ukumbini akitafuna. Katikati ya ukumbi taya zikasimama. Macho yakamtoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

“Vipi, Bwana Matano,” Crispin akauliza, “chumvi imezidi?”

Matano akakimbilia nje. Sauti aliyoitoa huko ilisikika hadi kituoni, na hoteli nzima ikaangua kicheko. Aliporudi, midomo myeupe kama ya mtu aliyepaka chokaa, mambo yangeweza kuishia hapo, kama Othmani angenyamaza. Othmani hakunyamaza.

“Pole, bwana unayekaribia,” akasema. “Angalau sasa kama kulikuwa na upepo tumboni, hautoki.”

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Matano akapanda juu ya benchi.

“Sikilizeni nyote! Ijumaa naondoka kwenda Makongolosi, na sirudi mpaka masika. Kabla ya kupanda gari, nikitoka kusali, nitashika koroboi kwa mkono wangu mwenyewe na kuizungusha dirisha hili zima. Moto ukisimama, namwoza dada yangu. Ukitikisika, hata kidogo, huyu afunge randa zake arudi kwao Iringa, na habari ya posa nisiisikie tena! Mmeshuhudia?”

“Tumeshuhudia,” watu wakasema, kwa maana nani angekosa jambo kama hilo?

Bi Rukia alimtazama Othmani kama mtu anavyotazama maziwa motoni.

“Mdomo wako huo,” akamwambia taratibu, “ungezibia nao dirisha.”

Fremu ilikuwa tayari. Vioo ndivyo havikuwepo. Vya zamani vilikuwa vimepasuka, na madukani Mbeya vya kipimo kile vilikuwa vimekwisha. Othmani akamwagiza Saulo, dereva wa lori la Iringa, amletee vioo vinne. Akampa vijiti viwili alivyovikata kwa kipimo, kimoja cha urefu na kimoja cha upana, na jina la mwenye duka anayemfahamu.

Alhamisi Saulo akaingia hotelini akiwa amekumbatia kasha lililojaa majani makavu.

“Kamwene, fundi! Vioo zako hizi. Nimeendesha kama nimepakia mayai, hata moja haijavunjika.”

Othmani akaondoa majani. Ndani ya kasha mtu mwembamba alimkodolea macho, mdomo wazi. Alikuwa yeye mwenyewe.

“Saulo. Hivi ni nini?”

“Vioo.”

“Vioo vya nini?”

“Eh, hata mwenye duka kaniuliza hivyohivyo. Nikamwambia, vya kutazamia.”

“Vya kutazamia nini?”

“Na hilo pia kaniuliza. Nikamwambia, watu.”

Othmani akakaa chini. Hakuona neno la kumlaumu, maana kila neno lilikuwa sahihi. Kioo cha kumwona mwenzako na kioo cha kujiona mwenyewe tumevipa jina moja, na Saulo alikuwa ameleta jina.

“Lakini kipimo ni sawasawa,” Saulo akasema, ameumia kidogo.

Kipimo kilikuwa sawasawa. Lori lisingerudi Iringa kabla ya Jumamosi, na mtihani ulikuwa kesho. Bi Rukia akaja, akainama juu ya kasha, akaurekebisha ushungi wake.

“Kaka alisema moto usitikisike,” akasema. “Alisema lazima tuone nje?”

“Hakusema.”

“Basi keti uzibe. Uso wa vioo ugeuze ndani. Huko nje kuna nani wa kujitazama, punda?”

Akaketi, akaziba. Puti ilitokeza pembeni kama alivyotaka, fito zikalala mahali pake, skrubu zikaingia bila kulia. Chai ilikuwepo.

Ijumaa asubuhi hoteli haikuwa ile ya jana. Watu walikuwa wakiingia kwa kelele, wakijiona, wakipunguza kelele. Hakuna aliyekunywa supu kwa mvumo. Crispin aligundua kwamba amekuwa akitembea na rangi ya kijani nyuma ya sikio, na akamuuliza kila mtu kwa zamu kwa nini hakumwambia. Utingo mmoja aliyezoea kuagiza chai kavu alijitazama mashavu, akaagiza nyama. Matano alipokuja kula chakula chake cha safari, aliinua macho kutoka kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho wenzake walikuwa wakikiona siku zote. Akageuza kiti. Lakini jicho halikugeuka. Kila tonge likipanda, jicho lilikwenda kulisindikiza.

Baada ya sala walirudi wote, pamoja na shehe wa msikiti, aliyesema amekuja kwa ajili ya supu. Mlango ukafungwa. Upepo ulikuwa umeamka vizuri siku hiyo. Ulisikika ukilisukuma dirisha kwa bega. Kizani, mbele ya vile vioo, koroboi ikawa mbili: moja mkononi mwa Matano, nyingine mkononi mwa Matano wa pili.

Akaanza kushoto, karibu kabisa na ufito. Moto ukasimama kama herufi ya alifu. Akapita chini. Alifu. Akapanda kulia, polepole, akisitasita kila penye skrubu. Alifu. Othmani alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Aliwaza kisanduku chake cha vyombo, na lori la kesho, na Iringa ambako hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba puti si sukari.

Matano akapanda benchi, akaifikia kona ya juu. Moto ukajikunja kama herufi ya dali.

“Mmeona!”

Minong’ono ikapita. Othmani akasogea, akapitisha kidole konani. Hakusikia kitu. “Rudia,” akasema. Matano akarudia. Moto ukajikunja tena, karibu uzimike. Othmani akaanza kutafuta bisibisi mfukoni, akatoa penseli, akaitazama, akairudisha.

Bi Rukia hakuwa akitazama moto. Alikuwa akitazama kioo. Mle ndani mlikuwa na koroboi, na juu ya koroboi uso wa kaka yake, mashavu yamevimba, midomo imechongoka kama ya mtu anayepoza uji. Na mbele ya midomo hiyo, juu ya kioo baridi, duara jeupe la ukungu lilikuwa likipanuka.

“Kaka,” akasema kwa upole, “kioo kimetoka jasho.”

“Baridi.”

“Baridi imechagua mbele ya mdomo wako tu?”

Watu wakasogea. Kila mmoja akaona kile kiduara, na katika vioo vinne Matano akawaona wakiona. Mashavu yake yakanywea taratibu. Kile kilichobaki ndani kikatoka chenyewe, na moto ukainama mara ya mwisho.

“Nilikuwa napumua,” akasema. “Mtu asipumue?”

“Pumua, kaka, ni haki yako.” Bi Rukia akaingia jikoni, akarudi na maandazi mawili yaliyotoka mafutani sasa hivi. “Ila umesali, umesimama, hujatia kitu mdomoni. Fungua.”

Mdomo wa Matano haukuwahi kumkatalia mtu. Ulifunguka kabla mwenyewe hajafikiri, na andazi zima likaingia.

“Sasa rudia kona.”

Akarudia. Hakuwa na pa kupitishia hata pumzi ya kuzima kiberiti. Upepo ulilipiga dirisha teke, kioo kisiteteme, fremu isigune. Moto ukasimama wima, mwembamba, mtulivu, kama umeandikwa.

“Waonaje, bwana unayekaribia?” Othmani akauliza.

“Mmh,” akasema Matano.

“Amekubali!” Saulo akapaza sauti.

“Mmh! Mmh!” Matano akapunga mkono usio na koroboi.

“Mara tatu,” akasema Crispin. “Kwetu Wakatoliki hata moja inatosha.”

Shehe akaweka bakuli lake chini. “Hapana. Kwa mwari, kunyamaza ni ridhaa. Walii lazima atamke. Tungoje ameze.”

Wakangoja. Lilikuwa andazi kubwa, na Matano, aliyejua kwamba kila atakachosema kitakuwa na mashahidi, hakulifanyia haraka. Hoteli nzima ilimtazama akitafuna, naye alijitazama akitafuna, wanne kwa pamoja, juu na chini, mafuta yakimng’aa kidevuni. Alimtazama fundi, ambaye penseli ilikuwa imerudi mkononi mwake na alikuwa akiizungusha bila kujua. Akamtazama dada yake. Bi Rukia hakuwa akicheka tena. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao alipopika pilau ya harusi za watu.

Matano akameza.

“Nikirudi safari,” akasema, “nitakula hapa?”

“Utakula, kaka. Nani amekufukuza?”

“Na huyu hataniuliza?”

“Nitakuuliza kama tonge limeiva,” akasema Othmani.

Matano akashuka kwenye benchi, akaizima koroboi kwa pumzi moja kubwa, bila kificho safari hii, akampa Saulo aishike.

“Nimeridhia kumwozesha dada yangu Rukia kwa Othmani huyu,” akasema kizani. “Shehe, fungeni ndoa leo baada ya alasiri. Makongolosi itangoja.”

Mtu akafungua mlango, mwanga ukaingia, na vigelegele vikaanzia huko nje, kwa wanawake wa sokoni waliokuwa wameweka masikio ukutani. Othmani akapanua mdomo kusema neno. Bi Rukia alikuwa bado na andazi moja mkononi, wala hakungoja kulisikia neno hilo.